Nani alimkata? Historia ya mtandao kukatika, kutoka Aden hadi Bariadi

Nilikuwa kimya kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Leo nina kisa cha shilingi 10,000 tu, lakini ili nikimalize itabidi niwapeleke Durban, Aden na Bahari ya Shamu kabla sijawarudisha Bariadi. Vumilieni, nauli ni yangu.

Nilikwenda nyumbani likizo fupi. Jioni moja nikapita kwenye kibanda fulani maeneo ya Somanda ambako vijana hukusanyika kucheza eFootball kwenye simu. Wanaweka elfu tano tano, mshindi anabeba zote, mwenye kibanda anauza soda na kuchajisha simu. Sheria ya pale ni moja: ukikatika mtandao, umefungwa. Hawakuibuni wao, michezo mingi ya mtandaoni humhesabia hivyo hivyo mtu anayetoka katikati ya mechi.

Nilikuta ugomvi. Kijana mmoja alikuwa anaongoza 2-1, dakika ya themanini na kitu, skrini ikaganda, kile kiduara kikazunguka wee, mchezo ukamtupa nje. Mpinzani wake akanyoosha mkono kuchukua hela. Huyu analia, "Mtandao umenikata!" Yule anamjibu, "Bando limekuishia, usitupotezee muda." Mwenye kibanda aliponiona akapata mwanya wa kujitoa: "Kaka ni mwandishi, kasoma chuo kikuu, yeye aamue." Nikaomba siku mbili. Hela ikabaki chini ya kreti la soda.

Sisi Wasukuma tuna uzoefu wa siku nyingi na kesi za namna hii. Bagika na Bagalu walipokuwa wanashindana kucheza ngoma, upande ulioachwa na watazamaji haukukiri kwamba wenzao walicheza vizuri zaidi. Walisema wamefanyiwa dawa. Pale kibandani dawa imeondoka, tuhuma imebaki. Aliyekatika ama ni mzembe aliyeishiwa bando, ama ni mjanja aliyezima data kwa makusudi. Hakuna anayeuliza kama kuna kitu kilichomkata, na kama kipo, kiko wapi.

Basi tuanze na mchezo wenyewe. Watu hupenda kusema, "Mbona WhatsApp yako ilikuwa inafanya kazi?" Hoja hiyo haina miguu. Ujumbe wa WhatsApp ukichelewa sekunde tano hutajua. Video nayo hujiwekea akiba, simu inapakua mbele wakati wewe unatazama nyuma. Mchezo wa moja kwa moja hauna akiba, kwa sababu goli la sekunde ijayo bado halijafungwa na mtu yeyote. Simu yako na seva, au simu yako na ya mpinzani, zinatumiana vipande vidogo vya habari mara nyingi kwa kila sekunde: niko hapa, nimepiga, nimekwenda kushoto. Vikikosekana kwa sekunde chache, upande wa pili unaamua kwamba umeondoka. Haukuulizi sababu.

Na michezo hii tangu mwanzo ilitengenezwa na watu wanaokaa karibu na seva. Mwaka 1996 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa mchezo wa Quake. Mtengenezaji wake mkuu, John Carmack, baadaye mwaka huo huo alikiri waziwazi kwamba alikosea. Nyumbani kwake alikuwa na laini ya kasi, hivyo hakujua maisha ya mtu anayecheza kwa modemu ya simu ya mezani. Akaandika upya sehemu ya mtandao ya mchezo ili kompyuta ya mchezaji iweze kubashiri mwendo bila kusubiri jibu kutoka mbali. Mpaka leo michezo hutumia ujanja wa namna hiyo. Namheshimu kwa kukiri. Lakini ujanja ule unatibu kuchelewa, hautibu kukatika.

Sasa twende baharini, maana njia ambayo vipande vile hupita ilianza kuchorwa kabla babu wa babu yangu hajavaa suruali.

Januari 1879 jeshi la Waingereza lilipigwa na Wazulu pale Isandlwana. Habari zilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwa sababu hapakuwa na waya wa simu ya maandishi uliofika kusini mwa Afrika. Meli ilibidi ibebe taarifa hadi kwenye kisiwa chenye waya. Wakubwa waliona aibu. Kabla mwaka haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar ya Sultani Barghash, kisha Msumbiji, hadi Durban. Angalieni ramani hiyo vizuri. Waya unatoka Bahari ya Shamu upande wa kaskazini, unapita mbele ya pwani yetu, unaishia Afrika Kusini. Ulilazwa kwa ajili ya majenerali na wafanyabiashara. Sisi wa bara tulikuwa tunapitwa tu.

Sasa ruka miaka 130. Sitawachosha na habari za posta na simu za mkoloni, wala Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lililosambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Jambo la kukumbuka ni kwamba intaneti ilipoingia Tanzania katika miaka ya 1990, pwani hii yote haikuwa na waya wa kisasa wa baharini. Tulitumia setilaiti. Wakubwa zangu wanazikumbuka zile intaneti kafe, dungu kubwa juu ya paa, barua pepe moja inafunguka huku unakunywa chai mpaka inaisha.

Setilaiti zile zilikaa angani kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu. Taarifa inapanda, inashuka ng'ambo, jibu linapanda, linashuka kwako. Hizo ni zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde kabla hujaongeza kitu kingine chochote. Ukimwona mshambuliaji yuko mbele ya goli, alishafunga zamani, anashangilia. Kwa hiyo kizazi kile hakikulalamika mchezo kukatika, kwa sababu mchezo wenyewe haukuwezekana. Walicheza kwa nyaya baina ya kompyuta mbili chumba kimoja, au walikodi PlayStation.

Tarehe 23 Julai 2009 waya wa SEACOM ukaanza kazi, ukiunganisha Afrika Kusini, Msumbiji, Tanzania na Kenya na India na Ulaya, kama kilomita 17,000 za mkongo. Mwaka uliofuata, 2010, ukaja EASSy, unaotoka Mtunzini karibu na Durban hadi Port Sudan. Rudi kwenye ramani ya 1879: Bahari ya Shamu, pwani yetu, Durban. Ni ile ile! Waya wa shaba umekuwa nyuzi za kioo, Sultani hayupo, lakini milango ya nyumba imebaki miwili, wa kaskazini na wa kusini.

Mwaka huo 2009 Bariadi ilikuwa wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulikuja kuundwa 2012. Katikati ya miaka hiyo serikali ilikuwa inajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, uliokabidhiwa TTCL kuuendesha. Kufikia 2012 ulikuwa na zaidi ya kilomita 7,000, sehemu umefukiwa kando ya barabara, sehemu umening'inizwa kwenye nguzo za umeme mkubwa za TANESCO, ukafika hadi mipakani kwa jirani zetu. Mwaka 2015 Halotel, ambao ni wa Viettel ya Vietnam, walianza huduma wakiwa wamevuta nyaya zao na kusimamisha minara hadi vijijini. 4G ikaanza kusambaa miji mikubwa katikati ya miaka hiyo ya 2010, halafu pole pole ikatufikia na sisi wenye pamba.

Hapa kuna jambo lililonishangaza nilipokaa na karatasi. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Bariadi hadi Dar kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Kwenda na kurudi kwa kila kilomita 1,000 za mkongo ni sehemu kumi kati ya elfu moja za sekunde. Hata mkongo ukizunguka mara mbili ya barabara, jicho halioni tofauti. Kwa hiyo ule msemo wa "huku porini mtandao lazima uwe mzito" si kweli kwa sababu ya umbali. Umbali mkubwa uko baharini, na huo mtu wa Masaki anaulipa sawasawa na mtu wa Somanda. Kinachotutofautisha na Dar ni mambo madogo ya njiani: tuna njia ngapi za akiba, mnara una betri za saa ngapi.

Milango miwili ya baharini ilitupa somo mwaka 2024. Tarehe 18 Februari Wahouthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli ya mizigo iitwayo Rubymar. Mabaharia wakaiacha. Meli ikaelea siku nyingi huku nanga yake ikiburuzwa chini, na siku chache baada ya shambulio nyaya tatu zikakatika katika Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Wataalamu wengi wanaielekezea kidole nanga hiyo. Tarehe 2 Machi Rubymar ikazama. Mlango wa kaskazini wa SEACOM ukawa umefungwa, na kuutengeneza kwenye bahari ya vita si kazi ya wiki moja.

Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zote mbili zikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Benki zilisuasua, Ubalozi wa Marekani pale Dar ukafunga milango kwa siku mbili kwa sababu ya mtandao. Kampuni za simu zilihangaika kukodi njia nyingine kupitia kwa majirani, na nyaya zenyewe hazikutengenezwa hadi karibu mwisho wa mwezi. Siku hiyo kijana wa Bariadi na kijana wa Masaki walitupwa nje ya mchezo dakika moja. Nadhani ndiyo mara pekee Dar ilipoonja maisha yetu bila kupanda basi.

Ukikatwa na bahari utajua kwa dalili zake. Wote mnaumia, mitandao yote ya simu, mikoa yote. Mnara unaonekana umejaa, kurasa zinazohifadhiwa hapa hapa nchini zinaweza kufunguka, lakini kila kitu cha nje kinajikokota. Hapo usizime simu, usitoe laini kuifuta kwenye shati. Nunua soda.

Kuna kukatwa kwingine ambako si kwa nanga. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika nchi nzima na haikuanza kurudi hadi tarehe 3 Novemba. NetBlocks na wengine wanaofuatilia mtandao waliliona na kulitangaza. Miaka mitano kabla, uchaguzi wa Oktoba 2020, mitandao ya kijamii ilibanwa. Mimi ni mwandishi, siku zile tano za 2025 kwangu hazikuhusu mchezo. Nilikuwa na habari mkononi na sina pa kuipeleka, na ndugu waliokuwa nje ya nchi hawakujua kama tuko hai. Ninaitaja hapa kwa sababu ni sehemu ya historia ya kukatika, na kwa sababu inavunja kabisa sheria ya kibanda. Siku ile kila Mtanzania alikatika. Kwa sheria ya "ukikatika umefungwa", nani alishinda?

Turudi bara. Mkongo wa nchi kavu adui zake ni greda la barabara na jembe. Ukikatika mahali, taarifa hugeuzwa zipite njia nyingine, na dalili yake ni kwamba kanda nzima inalegea wakati Dar wanaendelea kama kawaida. Piga simu kwa shemeji yako Mwanza na rafiki yako Dar, utajua ndani ya dakika mbili.

Kisha kuna mnara. Minara mingi ya wilayani haikufikiwa na mkongo, inapokea intaneti kwa mawimbi kutoka mnara mwingine, nao kutoka mwingine, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji. Ndoo moja ikidondoka, wote wa mbele wanakauka, na mvua kubwa inaweza kuyadhoofisha mawimbi hayo. Dalili ni ile inayochanganya watu: vijiti vya mtandao vimejaa, hakuna kinachopita. Vijiti vinakuonyesha unausikia mnara vizuri. Havikuambii kama mnara wenyewe una chochote cha kukupa.

Umeme nao! Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha Februari 2024. Umeme ukikatika mnara hubaki kwa betri, pengine jenereta. Ikiwa mtandao wako unakufa saa kadhaa baada ya umeme kuondoka, na si pale pale, basi betri za mnara zimekwisha. Ukifa pale pale, ni ruta yako ya nyumbani. Na ukiwa unakatika kila siku saa mbili usiku halafu saa sita usiku unacheza kama mfalme, hakuna kilichoharibika. Mko wengi tu kwenye mnara mmoja.

Hiyo ndiyo elimu niliyoipeleka kibandani siku ya pili. Nikawauliza, jioni ile nani mwingine alikuwa anacheza? Watatu. Wawili kati yao wako kwenye mtandao ule ule wa simu na yule kijana. Waliokatika? Hakuna. Basi bahari haikuhusika, mkongo haukuhusika, mnara haukuhusika. Mpinzani akaanza kutabasamu. Nikaomba nione salio la bando: lilikuwa limebaki zaidi ya GB moja. Tabasamu likapungua.

Ikabaki simu yenyewe. Haikuwa ya moto, kifuniko kilikuwa kimevuliwa, na simu ikipata moto kupita kiasi hupunguza nguvu. Nikamwambia anionyeshe simu zilizoingia jioni ile. Saa 12 na dakika 47, haikupokelewa: Mama. Mama yake yuko Maswa.

Wadau, hapa ndipo historia inapoingia mfukoni. 4G ilipobuniwa ilikuwa njia ya data tu. Sauti iliachwa kwenye nyumba za zamani, 2G na 3G, zile zilizojengwa tangu enzi simu ikiwa ya kuongea na kutuma meseji. Siku hizi ipo namna ya kupiga simu juu ya 4G yenyewe, lakini ni lazima simu yako iweze, laini yako iwe imewezeshwa, na mnara ukubali. Kimoja kikikosekana, mtu akikupigia, simu yako inaondolewa 4G na kurudishwa nyumba ya zamani ili ipokee. Ikiangukia 2G, data inasimama. Hata usipopokea, hata ukikata, safari ya kwenda na kurudi inakula sekunde kadhaa. Seva ya mchezo imeshakuhesabu umetoka. Kuweka laini mbili hakusaidii kwa simu nyingi za bei zetu, kwa sababu laini zote mbili zinagombania redio moja ndani ya simu.

Tukajaribu mbele ya watu. Nilimwekea programu ya kupima, ile inayotuma kipande kwa seva ya nje na kuhesabu muda wa jibu. Namba zikaja vizuri: 160, 155, 171. Nikampigia kwa simu yangu. Kimya. Kimya. Alama ya 4G juu ya skrini ikageuka E. Nikakata. Sekunde saba zikapita, namba ikarudi ikiwa 900 na kitu, halafu 4G ikarejea. Kibanda kizima kikapiga kelele kama goli limeingia. Wale wengine wakaanza kupigiana simu wajue nani yake inakatika. Simu nne kati ya saba zilikatika. Kwenye mbili kulikuwa na kitufe cha kuwezesha simu za 4G ambacho hakijawahi kuguswa, tukakiwasha. Moja ikapona, nyingine haikupona, laini yake inataka kubadilishwa dukani.

Sasa hukumu. Mpinzani, ambaye si mjinga, akasema, "Sawa kaka, hakuzima data. Lakini mama ni wake, si wangu." Palikuwa na wazee wawili nje wanacheza bao, mmoja akacheka mpaka akaharibu kete zake. Kijana naye akajibu kwamba hawezi kumzuia mama yake asipige. Na kweli, kuna njia ya kuzuia simu zisiingie wakati unacheza, ukazielekeza kwenye namba nyingine. Alikataa. Baba yake anaumwa, na simu ya kutoka Maswa ndiyo inayoleta habari zake. Alipomaliza mechi ile jioni alimpigia mama yake kabla hata hajadai hela yake.

Hapo mpinzani akanyamaza, akavuta kreti, akatoa noti mbili za elfu tano, akampa yake na kubaki na yake. Wakarudia mechi Jumamosi. Yule kijana alifungwa 3-0, mtandao haukutikisika hata sekunde moja.

Sheria ya kibanda imebadilika. Imeandikwa kwa kalamu nene kwenye boksi la kreti, herufi zinapanda na kushuka: bando likiisha umefungwa, umeme ukikatika mnarudia, bahari ikikatika kila mtu achukue chake. Chini yake mtu mwingine ameongeza kwa peni ya bluu: mama akipiga, mechi isimame.